Salamu za Dakika Kumi

Jumatatu, 26 Mei

Habari mbaya. Mtihani wa mazungumzo wa Kihispania ni Jumanne ijayo. Dakika kumi, mmoja mmoja, mbele ya Sista Amparo, Mhispania mwenyewe, anayekuja kutoka misheni ya ziwani. Atakayeanguka atabaki hapa Mbinga kwenye kambi ya masomo. Likizo yote! Na mashindano ya ngoma ya mganda kule kwetu Lipingo, ziwani, ni tarehe kumi na nne Juni, na mpiga ngoma kubwa ni mimi. Nisipofika, ngoma ataichukua binamu yangu Goodluck, anayepiga kama mtu anayefukuza nyani shambani.

Kihispania nilikichagua kwa sababu darasa lake liko upande wenye jua. Mbinga kuna baridi jamani. Sikuambiwa kwamba kina mtihani.

Jumanne, 27 Mei

Maharage yameungua. Mpishi wetu, Mzee Gaudence, alikutana getini na jamaa yake wa kijiji cha Ruanda, hapa hapa Mbinga. Wakasalimiana. Habari za nyumbani, za mama, za watoto, za kahawa, za mbuzi, za paa jipya, za yule shemeji aliyeumia mguu. Kisha wakaanza upya. Moshi unatoka jikoni, wao bado wako kwenye mbuzi!

Shule nzima imenuna. Mimi nimekula sahani mbili kwa furaha. Salamu peke yake zinamaliza dakika kumi na chenji inabaki! Sina haja ya kujua Kihispania. Nina haja ya kujua kusalimia tu. Cleopa, una akili wewe.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemwendea Sista Ottilia, mwalimu wetu. Nimemwomba anifundishe kuulizia kahawa, mbuzi, paa na mashemeji. Hakuamini masikio yake. Amenisifia mbele ya darasa, akasema kwa bidii hii nitaingia wa kwanza kwenye mtihani. Wa kwanza! Kiherehere changu.

Lukresia wa Mbuji, ambaye husoma hata akiwa kwenye foleni ya uji, aliniuliza nitafanyaje Sista Amparo akinijibu. Nikamwambia nitasema *muy bien, gracias a Dios*, yaani njema kabisa, tunamshukuru Mungu. Kwani salamu zina jibu lingine? Hata mwenye malaria husema nzuri kwanza, homa inafuata baadaye. Akasema Wazungu hawana salamu ndefu, hujibu neno moja wakauliza shida yako. Wivu tu.

Jumapili, 1 Juni

Mazoezi. Lukresia amekubali kumwigiza Sista Amparo kwa malipo ya dagaa niliotumiwa na mama. Kila swali akajibu neno moja, makusudi kabisa, mdomo umejaa dagaa wangu. Salamu zikaisha hata hajamaliza sahani.

Nimeongeza majirani, mvua, bata na baiskeli. Mwisho kabisa nimemweka mama mzazi, kwa heshima.

Jumanne, 3 Juni

Nimeingia. Sista Amparo ni mwembamba, mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaanza na nyumbani. Naye akajibu. Akajibu tena! Kumbe huyu mama amekaa ziwani tangu baba yangu hajaoa, anasalimia kutupita sisi. Kwenye kahawa alieleza kwa mikono miwili. Kwenye bata nadhani aliwataja mmoja mmoja. Sikuelewa hata neno, lakini kila aliponyamaza nikasema *muy bien, gracias a Dios*. Saa ya ukutani inakwenda. Nikaanza kusikia ngoma yangu masikioni.

Nikafika kwa mama mzazi.

Hapo alisema taratibu, akavua miwani, akaifuta. Nikatabasamu kwa meno yote, nikasema njema kabisa, tunamshukuru Mungu.

Nje ya dirisha Sista Ottilia alifanya ishara ya msalaba. Sista Amparo akaniuliza, kwa Kiswahili cha ziwani kabisa, kama najua kwamba nimemshukuru Mungu kwa mama yake kuzikwa wiki ya Pasaka, na yeye hakuwahi kufika.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, siyo ile ya kukamatwa. Nikasahau mtihani. Nikainuka, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia pole sana, Sista, pole na msiba. Kisha nikainamisha kichwa, kama tunavyofanya nyumbani. Akanisimulia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa mkali na jinsi alivyopenda kuimba akifua. Alicheka kidogo, akalia kidogo. Mpaka Lukresia akabisha hodi. Muda umeisha!

Nikamwombea marehemu njia nzima mpaka bwenini. Pia nimefaulu, naona.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanguka.

Sista Amparo ameandika mstari mmoja: Anasalimia vizuri, hasikilizi. Lukresia ndiye wa kwanza. Nimempigia mama kwa simu ya matroni. Mama kasema Goodluck ameshaanza kuifunga ngoma ngozi mpya. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu. Sikuwa jikoni.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Sista Amparo amesema nitarudia mtihani Jumatatu, na nikifaulu atanipa lifti mpaka Lipingo. Lukresia amenipa madaftari yake yote bure, akasema siku tatu zinatosha kabisa kujifunza kusikiliza. Ana moyo mzuri. Nimeyaweka chini ya mto, bwenini mito ni myembamba.

Maana nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa salamu. Salamu zina maswali. Lakini kwenye pole, nani aliulizwa kitu? Mfiwa husema mwenyewe, wewe unainamisha kichwa tu! Leo nimemwomba Sista Ottilia anifundishe pole na msiba kwa Kihispania, na aliugua nini, na nani alikuwepo. Ameniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ni kwa fahari.

Na Sista Amparo akinigeuzia maswali ya kwetu, basi babu yangu atafariki kwa dakika kumi. Babu ni mzima wa afya, na ni mtu mwelewa.