Printa Isiyokumbuka Kwake

Gimli, Manitoba
24 Novemba

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Printa.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi karibu na printa inayofanya kazi. Yangu haifanyi, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Wino ukikuchafua vidole, usinilaumu.

Mimi ni Orville Thorsteinson, katibu wa klabu yetu ya kutelezesha mawe kwenye barafu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Jumanne nachapa ratiba na kuibandika mlangoni. Ijumaa hii wanachama wanapiga kura: niendelee mimi, au kazi apewe jirani yangu Nestor Babiak, anayedai karatasi zimepitwa na wakati na kila kitu kiwekwe kwenye simu. Bwana huyu, baridi ikianza tu, huzima kila kitu nyumbani kwake na kukimbilia Arizona. Anataka kusimamia barafu yetu akiwa amevaa kaptula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu Aprili printa yenu ilifanya kazi vizuri. Tarehe 12 Novemba ikaandika kwenye kioo chake kwamba mtandao haupatikani. Haupatikani wapi? Mke wangu Svava anautumia, kompyuta yangu inautumia. Ni printa yenu peke yake iliyojifanya mgeni humu ndani.

2. Nilipiga simu kwenu. Dada mmoja mpole akaniambia niizime na kuiwasha. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Akaniambia niisogeze karibu na ruta. Sasa printa iko juu ya friza, ruta iko juu ya printa, na nyama haitoki mpaka tubomoe mnara huo. Svava hajasema nami siku tatu. Mwishowe dada yule akauliza kama nina hakika printa iko kwenye mtandao wangu. Nilimjibu kwa heshima kwamba nina miaka sabini na mmoja na vya kwangu navijua.

3. Ratiba ya wiki hii niliiandika kwa mkono. Watu walisimama mlangoni wakicheka. Mmoja aliuliza, mimi nikisikia, kama wiki ijayo nitaichonga kwenye jiwe. Niliumia, Ndugu Mkuu. Nikiondolewa kazi hii, sitakuwa na sababu ya kuvaa viatu siku ya Jumanne.

4. Kwa hiyo nadai mumtume mkubwa mmoja aje Ijumaa, asimame mbele ya wanachama akiwa ameibeba printa mikononi, na akiri kwamba aliyepitwa na wakati si mimi. Pia nadai printa zote za Manitoba zifungwe waya, kama ng'ombe anavyofungwa kamba, na iwe marufuku kumuuzia mtu mwenye kumbukumbu chombo kisichokumbuka kwake.

Nisalimie wahandisi wako wote, hata aliyebuni kioo kile, na familia zao zinazowavumilia.

Ni mimi mteja wako, ambaye uvumilivu umemwishia,
Orville Thorsteinson

N.B. Stempu nimeshabandika, kwa hiyo barua inakuja hivyo hivyo. Svava ameisoma, kisha akavaa miwani na kusoma jina la mtandao kwenye kile kioo. Akavunja kimya chake: "Orville, printa haijapotea. Inamtafuta Nestor."

Ni kweli. Aprili ruta yetu ilikuwa haijaletwa. Nestor ndiye aliyeibeba printa kutoka kwenye gari lake, akaiunganisha na mtandao wa kwake, akaniambia nitumie wake mpaka wetu uje. Wetu ulikuja, nikauingiza kwenye kompyuta, printa nikaisahau, nayo ikaendelea kupokea kazi zangu kupitia intaneti ya Nestor. Tarehe 12 ndiyo siku aliyozima kila kitu na kuondoka. Kumbe hata vipeperushi nilivyochapa kumpinga katika kura hii, vyote mia mbili, vilipita nyumbani kwake.

Svava ameingiza nenosiri letu kwa dakika mbili. Mimi nimempigia Nestor simu Arizona, nikamweleza yote, hata vipeperushi, na kwamba kura yangu ni yake.  Yeye akaniomba nimchapie ratiba kila Jumanne, kwa kuwa mlango wa klabu hauna simu.

Viatu nimeshaviweka tayari. Yule dada mpole mpandisheni cheo.