Binti Yangu Anakimbia Polepole

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimenunua kamera. Ndogo kama kiberiti, ya kufunga kichwani, bei ya watu wa hali yetu. Fundi simu ameniapia inapiga picha mia na ishirini kwa sekunde moja, na ukizitazama, mtu anayekimbia anaonekana kama anaelea. Slomo, alisema. Nikamuuliza kama hata jasho litaonekana. Dada, akasema, hata mawazo yataonekana.

Sababu ni hii. Alhamisi kuna mbio za chekechea shuleni kwa binti yangu. Mwaka jana nilikuwa kazini kwa dobi, nimesimama kwenye pasi, nikinyoosha mashati ya watu. Mtoto akakimbia huku akitafuta uso wangu kati ya akina mama. Hakuuona. Akasimama katikati ya uwanja. Tangu siku hiyo, kila akivua viatu ananiuliza kama mwaka huu nitamwona. Nitamwona! Tena kwa mwendo wa polepole, ili nimwone kwa muda mrefu zaidi.

Pia wifi yangu, dada wa mume wangu, ana simu mpya, na binti yake wa darasa hilohilo amempachika jina la Risasi. Hiyo si sababu. Nimetaja tu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Majaribio. Nimempiga picha kitinda mimba akipiga chafya chumbani. Giza tupu, kama ndani ya sufuria. Kumbe mwendo wa polepole unataka jua kali.

Kazini nikajaribu mashine ya kufulia, kupitia kidirisha chake, ikizunguka. Bosi akanikuta nimepiga magoti, kichwa kimegusa kioo. Akauliza nimepoteza nini. Kifungo, nikasema. Naye akapiga magoti, na goti lake lile bovu, tukatafuta robo saa nzima kifungo ambacho hakipo. Akakipata kimoja! Nikamshukuru. Nikajisikia vibaya mpaka saa ya kutoka.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mazoezi uani, saa sita, jua la utosi. Binti alikimbia mpaka kamba ya nguo na kurudi, mara nane. Kisha tukakaa kizingitini tukatazama.

Jamani! Nywele zake zinapanda juu, msuko mmoja baada ya mwingine. Mashavu yanatikisika. Goti linapanda, linakaa hewani, linafikiri, ndipo linashuka. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nimemzaa mwenyewe. Nikapiga makofi. Nikamwambia hivyo hivyo, mwanangu! Kesho ukimbie hivyo hivyo!

Akauliza, hivyo kabisa?

Kabisa, nikasema. Mtu mzima mimi. Watoto wawili.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Kamera niliishika kwa mikono miwili, kichwani ningechekwa. Mwalimu akapuliza filimbi. Watoto wakafyatuka. Binti yangu akainua goti. Goti likakaa hewani. Mikono ikaogelea. Mdomo ukafunguka taratibu, kama mlango unaoogopa kuamsha mtu.

Nikapiga kelele, kimbia! Akatabasamu, polepole, akatikisa mashavu.

Risasi alimaliza. Wote wakamaliza. Wakaenda bombani kunywa maji. Wangu alikuwa bado yuko njiani, macho kwangu, akingoja nifurahi. Wifi akaniinamia, akauliza kwa upole, wifi, mtoto kavimbiwa? Mama mwingine akasema labda ndiyo kwanza anapasha viungo. Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Alipofika, darasa linalofuata lilikuwa limeshajipanga. Akaniuliza kama ilikuwa hivyo kabisa. Nikamkumbatia nisijibu. Lakini bombani wenzake walimjibu.

Nyumbani amevua viatu bila kuniuliza chochote.

Picha nimetazama. Mwendo wa polepole wa mtu anayekwenda polepole. Dakika nane.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimepata wazo. Kama picha inapunguzwa mwendo, basi inaongezwa pia! Nikaiongeza kwenye simu. Binti akakimbia kama umeme. Tatizo, na wengine wote walikimbia kama umeme. Akashindwa tena, ila mapema zaidi. Naye alikuwa amesimama nyuma yangu, akitazama.

Nikaenda kwa mwalimu kukiri. Nikamweleza kamera, uani, goti linalofikiri. Akasema Jumatatu watakimbia watoto waliokuwa na mafua, binti naye aje.

Binti amekubali kwa sharti moja. Mama aje mikono mitupu. Asishike kitu. Amtazame yeye tu. Nimeapa. Baba watoto akadakia kutoka jikoni: mke wangu, mtoto mtazame kwa macho uliyozaliwa nayo. Nikamwambia kwani nitamtazama kwa ya nani?

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Ahadi nimetimiza. Mikono ilikuwa mitupu. Nilimpungia yote miwili, akaihesabu.

Kamera ilikuwa kwenye paji la uso, chini ya kitambaa cha kichwa. Nilitoboa tundu dogo tu. Yeye alisema mikono.

Fundi simu alikuwa ameonya kwamba kichwa kikicheza, picha inaharibika. Basi nikakaza shingo kama niliyejitwika ndoo. Filimbi! Akachomoka, mbio za kweli, vumbi! Akaingia kushoto, akapita, akatokea kulia. Sikugeuza kichwa. Hata macho sikuyageuza, maana yakienda kichwa nacho kinafuata. Nikasikia watu wote wakipiga kelele upande wa kulia. Hata wifi! Alinivuta mkono, wifi, tazama mtoto, tazama! Nilikuwa natazama. Uwanja mtupu.

Akaja akihema, akaniuliza kama nimemwona.

Nimekuona, mwanangu.

Akauliza mwishoni alimpita nani. Nikasema wote. Akatikisa kichwa. Alianguka, akasema. Akaanguka, akainuka mwenyewe, akampita mmoja. Akanionyesha goti, limechubuka, bado lina mchanga. Nikalipuliza. Hakulia. Laiti angelia.

Njiani alimshika mkono wifi.

Sasa amelala mchana, goti nje ya shuka, nami nimetazama picha mara kumi na moja. Msuko mmoja. Mguu mmoja, nimeutambua kwa soksi. Baada ya hapo ni nyasi, nzuri sana, zinainama moja moja.

Nimelia. Kisha nimefikiri vizuri nikaona kosa liko wapi. Kamera moja inaona mbele tu! Nimeshamwambia fundi simu aniwekee ya pili, nitaifunga juu ya sikio la kulia.

Mwakani hanipiti.