Ombi la Kumzuia Mpwa Wangu Asifanye Mtihani wa Fidla

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Bodi ya Mitihani ya Muziki,

Salaam na heshima. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea na chumba cha mpwa wangu vimetengwa na ubao mwembamba tu. Jumamosi binti huyo atafanya mtihani wenu wa fidla, daraja la nane. Kwa heshima na taadhima naomba ufutwe, kwa sababu hizi:

1. Mmemtaka atikise kidole kwenye uzi ili sauti itetemeke. Ametikisa miezi saba, na sasa natetemeka mimi. Suruali ya karani wa mahakama imetoka na pindo lenye mawimbi.

2. Mnataka upinde urukaruke juu ya nyuzi. Mguu wangu nao unarukaruka juu ya pedeli. Juzi, kabla hajamaliza ukurasa, nilikuwa nimeshona shati la mikono mitatu. Mwenye shati ana miwili. Nimehesabu.

3. Kuna mahali mkono wake hupanda hadi juu kabisa ya shingo ya fidla kutafuta sauti moja nyembamba, na mara nyingi huikosa. Akipanda, nabana pumzi. Akikosa, naguna kwa uchungu, na mteja ninayempima kiuno anadhani nimemsikitikia yeye. Wawili hawajarudi.

4. Dada yangu, mama yake, hanisaidii. Anakoroga sufuria kwa kufuata mapigo.

5. Mbaya kuliko yote, sasa najua nani anakosea. Redio ya kinyozi ilipopiga fidla jana, nilivuka barabara kumweleza kwamba mpigaji wake amechelewa kushuka. Kinyozi hanisemeshi tena.

Basi futeni mtihani, au mpeni cheti hivi hivi, au mtahini aje akae kwangu wiki moja.

Nisalimieni watahini wote, makarani, na mpiga piano wenu, ambaye nampa pole.

Ni mimi, mwenye masikio yaliyochakaa,
Fundi, mjomba wa mtahiniwa

N.B. Mtahini akiona kinukta cha chaki ya bluu juu ya shingo ya fidla, asimkate binti maksi. Ni changu. Nilipima kwa futi kamba yangu alipokwenda kuoga, ili kidole kisipotee njiani. Yeye anadhani ni uchafu. Akiikosa ile sauti, kosa ni la futi kamba, nikateni mimi. Jumamosi nafunga duka. Nitakuwa nje ya mlango wenu, nimebana pumzi. Tafadhali sana, msiufute mtihani.