Pikipiki Yangu ya Kiingereza Haihitaji Matengenezo Kidogo

Ndugu Mhariri wa Matangazo Madogo,

Natumaini hujambo wewe na kalamu yako, ingawa kalamu ndiyo niliyo na ugomvi nayo. Mimi ndiye mwenye ile pikipiki ya Kiingereza mliyoitangaza Jumatatu. Mke wangu amechoka kuizunguka sebuleni akiwapelekea wageni chai, kasema iondoke. Nimekubali, ila iende kwa mtu anayeistahili. Hapo ndipo uliponiharibia.

Kwanza. Nilikuletea kurasa nne. Nilieleza nilivyoshindana na ndege ikipaa, mpaka rubani akanipungia mkono kusalimu amri. Nilieleza nilivyombeba seremala na kabati lake la milango mitatu, mwenyewe kajifungia ndani ya kabati kwa sababu ya mvua. Wewe ukachapa: "Pikipiki ya zamani ya Kiingereza, kwa wakusanyaji. Inahitaji matengenezo kidogo." Kabati liko wapi?

Pili. Hayo matengenezo kidogo umeyatoa wapi? Pikipiki yangu inawaka kwa kiki moja. Zile za kabla yake ni za kuiamsha kwa adabu.

Tatu. Hilo neno wakusanyaji limeniletea bwana mmoja wa glavu nyeupe. Kapiga magoti sebuleni, akaisifia kutu ya tangi kama anayesifia mtoto mchanga. Akatuonya tusifute hata vumbi. Mke wangu akamuuliza, sasa baba, miaka yote hii nilikuwa nafuta vumbi au nafuta mali? Nilicheka sana, mpaka niliposikia ataiweka nyuma ya kioo, bila petroli, isiende popote. Ndugu Mhariri, hata mfungwa hutolewa nje akaota jua.

Nne. Kwa hiyo naomba uchape kurasa zangu zote, uiombe pikipiki radhi ukurasa wa mbele, na kila mnunuzi afanye mtihani wa kupanda kile kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali akiwa kapakia mtu mzima. Msimamizi nitakuwa mimi. Wa kupakiwa uwe wewe, upate kujua ulichokikata.

Nisalimie wapiga chapa wote, na dada wa mapokezi aliyeniambia nipunguze sauti. Mwambie hiyo ndiyo ndogo.

Ni mimi, mwenye pikipiki nzima kabisa,
Mjomba Moshi

Nyongeza: Sijafunga bahasha, bwana wa glavu karudi. Kazivua, kampakia mke wangu, wamepanda kilima na kushuka wanacheka. Kakubali kila sharti, na ataiendesha kila Jumapili. Keshokutwa anakuja kuichukua. Tafadhali sana, kesho chapa kwa herufi kubwa kwamba injini imekufa, fremu imepinda, haifai hata kwa chuma chakavu. Nafasi ikikosekana, kata tangazo la mwingine. Kukata unajua.