Furaha Haijazinduliwa

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mikumi, wakazi na wapita njia, madereva wa malori na wake zao wa kila kituo, kwamba furaha ya msimu huu wa sikukuu bado haijazinduliwa rasmi. Aliye nayo aitunze. Atakayeonekana akifurahia kabla mgeni rasmi hajakata utepe, hatua kali zitachukuliwa dhidi yake. Krismasi njema."

Tangazo lilitoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya paa la gesti, siku ya pili baada ya Krismasi, saa tatu asubuhi, wakati Yudith anashuka kwenye basi na mumewe Cleopa. Yudith alikuwa ameteremsha mguu mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akateremsha wa pili. Ndivyo alivyo. Kwao Berega wanasema mwanamke huyu akiambiwa nyumba inaungua, atauliza kwanza inaungua upande gani.

"Tumefika, Mama Agatha," Cleopa akasema. "Leo utamwona tembo mpaka umchoke."

Maneno hayo Yudith aliyasikia mara ya kwanza miaka kumi na moja iliyopita, nyuma ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Cleopa alimwambia, ukinikubali nitakupeleka Mikumi ukaone tembo. Akamkubali. Wakapata watoto watatu, wakaezeka nyumba mara mbili, na tembo hakuonekana. Cleopa alipata kazi ya ulinzi Dodoma, huja likizo mara moja kwa mwaka, siku nne. Safari hii siku tatu zilikwishaliwa na wakwe, ubatizo, na mbuzi wa jirani aliyeingia kisimani. Ilibaki hii moja, na basi la kumrudisha kazini lilikuwa la saa kumi jioni.

"Leo asipoonekana," Yudith alikuwa amemwambia njiani, wala hakupandisha sauti, "nitajua niliolewa kwa maneno."

Sasa, wapo watu wasioelewa kwa nini furaha izinduliwe. Hao hawakuwepo mwaka jana. Mwaka jana watu wa Mikumi walifurahia ovyo ovyo, kila mtu kwa wakati wake, bila mpangilio. Walicheka sarakasi tarehe ishirini na nne, wakashangaa nyoka tarehe ishirini na tano, na mgeni rasmi alipokuja tarehe ishirini na saba akakuta kicheko kimekwisha. Mzee mmoja alipiga mwayo mbele ya meza kuu. Ikawa aibu ya kiserikali. Ndipo ikaundwa Kamati ya Uratibu na Uzinduzi wa Furaha za Msimu, ikakaa vikao kumi na vinne, ikatoa kanuni, na kanuni zikatiwa sahihi na Mheshimiwa mwenyewe kutoka makao makuu.

Katibu wa kamati alikuwa Bi Tumwagile, mama mnene mwenye faili kwapani na filimbi shingoni. Aliwakuta Yudith na Cleopa wakiingia uwanjani.

"Nyie wawili. Mke na mume?"

"Shikamoo, mama," Yudith akasema.

"Marahaba. Mke na mume?"

"Wa kanisani kabisa," Cleopa akadakia. "Cheti kipo, kiko kabatini."

"Mmeshafurahia chochote tangu mshuke?"

Cleopa akafungua mdomo. Yudith akamkanyaga.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza tumeshuka."

Bi Tumwagile akamshika Yudith kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Uso huu haujatumika," akasema. Akawaandika Wenza wa Mfano.

Wenza wa Mfano, kwa mujibu wa fomu waliyopewa, hukaa kiti cha mbele, humpokea mgeni rasmi kwa ua na salamu kwenye kipaza sauti, na utepe ukishakatwa huwa wa kwanza kufurahia, kwa utaratibu huu: tabasamu, kicheko, mshangao, kisha kukumbatiana kwa wastani. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne kamili.

Saa nne ikafika peke yake.

Uwanja ulikuwa tayari. Vijana saba wa sarakasi kutoka Morogoro walikuwa wamesimama mabegani kwa wenzao, kwa kuwa waliagizwa wakae tayari. Wapiga ngoma walishikilia vijiti hewani. Chatu alikuwa kwenye sanduku la kioo lililofunikwa khanga, asije akamfurahisha mtu. Na kule mwisho, kwenye kichuguu cha kifusi ambacho mtu akipanda huona bwawa na mbuga yote, palipitishwa utepe wa bluu na kibao: UTAZAMAJI TEMBO – BADO.

Kando ya kiti cha Yudith palikuwa na benchi refu lililoelekea ukutani. Hilo lilikuwa la Waliotangulia, yaani waliokamatwa wakifurahia kabla ya wakati. Adhabu yao ilikuwa kukaa hapo, uso ukutani, mpaka shughuli ifungwe. Alikuwepo mama muuza vitumbua aliyekutwa akiimba puani. Walikuwepo wachumba wawili, kosa lao halikusomwa hadharani. Na mwisho kabisa alikaa Lenku, mfugaji, shuka lake begani na fimbo mapajani.

"Wewe kaka umefanya nini?" Yudith akamnong'oneza.

"Nimeona tembo."

"Lini?"

"Leo. Jana. Juzi. Napita naye na ng'ombe. Yule mama aliniuliza, umeona tembo? Nikasema ndiyo. Akauliza, una kibali? Nikamwambia muulize tembo." Lenku akajinyoosha. "Si mbaya. Hapa kuna kivuli."

"Na leo atarudi?"

"Mwenye jino moja? Atarudi. Unaona kivuli cha mnara wa simu? Kikigusa lile tenki la maji, anakuja bwawani kunywa. Akishakunywa anaondoka. Hana habari na mtu."

"Hata mgeni rasmi?"

"Hawajuani."

Yudith akakitazama kivuli. Kilikuwa mbali na tenki, kikitambaa taratibu. Akakiweka kwenye jicho moja, jicho la pili akamwekea mumewe, maana Cleopa ni mtu wa kucheka, na kucheka kwake huanzia tumboni.

Saa sita, kijana wa juu kabisa wa sarakasi akalala usingizi, akaanza kukoroma. Yule wa chini kabisa akaomba ruhusa ya kujikuna. Bi Tumwagile akamjibu aandike barua, ipitie kwa aliye juu yake. Tumbo la Cleopa likatikisika.

"Baba Agatha, utatukalisha benchi. Fikiria msiba. Fikiria msiba wa mjomba Abeli."

"Mjomba Abeli alikufa akikimbizwa na bata mzinga."

"Basi usiufikirie huo."

Cleopa akauma mkono wa shati. Machozi yakamtoka. Bi Tumwagile akapita, akayatazama yale machozi, akaandika kwenye faili: *wanaendelea vizuri.*

Saa nane na robo, magari matatu yakaingia na vumbi lake. Vijiti vya ngoma vikashtuka. Mheshimiwa, mgeni rasmi mwenyewe, akashuka, kamati ikajipanga mstari, na Bi Tumwagile akatoa kwapani risala ya kurasa kumi na moja. Yudith akazihesabu kwa macho. Akatazama kivuli: kimebakiza hatua mbili za mtoto kufika kwenye tenki. Kurasa kumi na moja, na kila ukurasa na makofi yake, tembo atakunywa, ataondoka, atazaa na kujukuu.

Akamtazama Mheshimiwa pia. Shati limemwagikiwa soda. Simu mkononi bado inawaka. Na meno yalikuwa nje, meno ya mtu aliyecheka sana na bado hajapoa.

Yudith akanyanyuka na ua lake, akashika kipaza sauti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama! Marahaba!"

"Poleni na safari. Habari za njiani?"

Risala mtu anaweza kuikatiza. Salamu, hapana. Aliyelelewa akiulizwa habari za njiani, anazitoa.

"Njiani kwema, mama! Ni hao tembo tu. Tumeingia hifadhini tukawakuta wamejaa barabarani kama wanasindikiza bi harusi!"

Spika zikayabeba maneno hayo mpaka kwenye maegesho ya malori.

"Poleni sana. Mlipata taabu?"

"Taabu gani? Tumekaa pale masaa manne mazima! Kulikuwa na katoto kameshika mkia wa mama yake, mama akisimama kanamgonga, mama akisimama kanamgonga. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Ngoja, ngoja nikuonyeshe."

Akainua simu, karibu kabisa na kipaza sauti. Uwanja mzima ukasikia kicheko chake, halafu sauti yake: "Dereva, usiondoke! Waache wasubiri huko, nani kawaambia tuna haraka?"

Kijana wa juu wa sarakasi akaamka.

Lenku hakugeuka. "Na huyu ameona," akauambia ukuta.

Yudith akafungua fomu yake penye kanuni zilizochapwa. "Samahani, mama Katibu. Mimi nimeishia darasa la saba, nasoma polepole. Hiki kifungu cha nne kinasemaje?"

Bi Tumwagile akaanza kusoma kwa sauti ya ofisini, ikawa inashuka kama redio inayoishiwa betri. "Mtu yeyote, bila kujali cheo, wadhifa wala msafara wake, atakayefurahia kabla ya uzinduzi..." Maneno hayo aliyaweka mwenyewe, kwa kuwa yanapendeza masikioni. Hakutegemea kukutana nayo tena.

Mheshimiwa akacheka. "Mzaha mzuri huu!"

"Hilo kosa la pili," Lenku akasema.

"Na sahihi hii hapa chini," Yudith akauliza kwa adabu zote, "ni ya nani, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa akainama, akaisoma. Akaisoma tena. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia mrefu.

"Benchi!" akapaza sauti mama wa vitumbua. "Benchi!" wakaitika wapiga ngoma, na vijiti vyao vikashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Madereva wa malori wakaja kusimama kwenye uzio na kuitikia. Bi Tumwagile alitazama faili, akatazama umati, akatazama kile kifungu chake. Tangu asubuhi alikuwa amewakalisha watu kumi na wawili kwa makosa madogo kuliko hilo. Akapuliza filimbi, taratibu, kama anayepoza chai.

Mheshimiwa akakaa. Msafara wake nao ukakaa, maana wote walikuwemo kwenye video. Lenku akawasogelea kidogo.

"Karibuni. Mguu huu wa benchi ni mbovu, msiegemee."

Likabaki swali la utepe. Kanuni zilitaka ukatwe na mtu ambaye bado hajafurahia, na meza kuu ilikuwa tupu. Bi Tumwagile akapekua faili. Uwanja mzima, fomu safi zilikuwa mbili tu, za Wenza wa Mfano.

Kivuli kiligusa tenki. Yudith akachukua mkasi, akakata, hakusubiri makofi. Akamshika Cleopa mkono wakapanda kichuguu.

Alikuwepo. Amesimama bwawani mpaka magotini, jino moja, akijimwagia maji kama mzee anayeoga bila haraka. Cleopa akakiachia kicheko chote cha tangu asubuhi, mpaka akakaa chini. Yudith hakutabasamu, hakucheka, hakufuata utaratibu hata mmoja. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Mwili wote huo," akasema mwisho, "na macho madogo kama ya kuku."

"Umemwona, Mama Agatha?"

"Nimemwona." Akamfuta vumbi begani. "Kumbe niliolewa kweli."

Wakakumbatiana, na wala si kwa wastani. Kule chini ngoma zikalia, vijana wa sarakasi wakaruka, watu wakapiga vigelegele mpaka mabati ya gesti yakaitika.

Kwenye benchi, Mheshimiwa akajaribu kupindua shingo. "Kuna nini huko? Amefanya nini? Hebu nisimulie basi."

Lenku akaigusa fimbo yake, akaielekeza mbele.

"Ukuta, Mheshimiwa," akasema. "Tazama ukuta. Wewe bado hujazinduliwa."