Mhamiaji Mmoja Anatafutwa Kwale

Serikali ilipenda kuutangazia umma wa Kwale, kwa unyenyekevu mkubwa na vipaza sauti vya kuazima, kwamba kuanzia sasa mtu wa kuja ataheshimiwa.

"Yeyote ambaye yeye mwenyewe, mzazi wake au babu yake alihamia eneo hili kutoka kwingineko," tangazo lilisema, "ajitokeze ofisini alasiri yoyote ya siku za kazi, apewe ruzuku ya kuueleza umma uhamiaji wake na utambulisho wake wa kitamaduni. Akiwa na ngoma, aje nayo. Akiwa na huzuni, aje nayo pia."

Gari la tangazo lilipita Kona ya Musa, likateremka Msambweni, likapanda hadi Taru ambako mbuzi walisimama kulisikiliza, kisha likashika njia ya Vanga. Vanga penyewe halikufika. Lilizama kwenye tope, na tangazo likasomewa mikoko. Ripoti iliandikwa kwamba jamii za pwani zimefikiwa.

Mwenye tangazo alikuwa Bwana Matano Chome, Kaimu Mkurugenzi wa Kitengo cha Ufadhili wa Masuala ya Utu, Uhamiaji na Utambulisho. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata mkewe nyumbani akawa anamwita Kaimu. Neno hilo lilimkera kama mwiba wa samaki kooni. Makao makuu walikuwa wamemwahidi kwamba akipata walau mradi mmoja wa kufadhili kabla mwaka wa fedha haujafungwa, watalifuta. Asipopata, fungu lingerudi Hazina, kitengo kingefungwa, na yeye angerudishwa kazi yake ya zamani huko Taru, kutia mbuzi alama masikioni. Kazi ya mbuzi ni ya halali, hakuna ubishi, lakini mbuzi hawamwiti mtu Mheshimiwa.

Alasiri ya kwanza hakuja mtu. Na zilizofuata vile vile. Matano aliunda kamati ndogo ya kuchunguza uhaba wa wahamiaji. Kamati ilikaa, ikanywa chai kwa mahamri, ikafikia uamuzi kwamba huenda Kwale hakuna aliyewahi kuja. Wote tuliota hapa hapa kama minazi. Mjumbe mmoja alidokeza kwamba hata minazi yenyewe husemekana ililetwa na maji. Aliombwa afute kauli.

Jambo ambalo kamati haikuligusa, kwa sababu halikuwa kwenye ajenda, ni kwamba asubuhi, katika chumba kile kile na juu ya kiti kile kile, Bwana Matano alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uhakiki wa Wenyeji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwauliza waombaji wa kipande, yaani kitambulisho cha uraia, babu zao walizaliwa wapi. Ulimi ukiteleza, mtu akataja mahali penye bendera nyingine, kipande hakuna. Baada ya chakula cha mchana Matano alivua koti, akageuza kibao cha mezani, akawa mfadhili. Aliuliza swali lile lile, kisha akashangaa watu wameingiwa na ububu.

"Mzee Nzai," alimwambia mfugaji wa Taru aliyekuja kuulizia bwawa la mifugo, "ukoo wenu ulitoka wapi?"

"Haukutoka. Uko."

"Kabla ya kuwa hapo?"

"Kabla ya hapo tulikuwa hapo. Mwenyekiti, unanitega."

"Alasiri mimi si Mwenyekiti. Ni Mkurugenzi."

"Na uso?"

Matano alikiri kwamba uso ulikuwa mmoja. Mzee Nzai aliaga kwa adabu, akaondoka bila bwawa.

Akageukia Ukunda, akijua kuwa kule wageni wamejaa. Caroline, mwenye hoteli ya chakula iliyo nyuma ya steji ya matatu, mtu ambaye hata salamu zake zina baridi ya milimani, alimkazia macho. "Mimi ni wa hapa kabisa, boss. Hata githeri naweka nazi." Wateja wake wote waliitikia kwamba nao ni wa hapa, wakaongezewa githeri, yale mahindi na maharagwe ya bara.

Ndipo Matano alipomfikiria Biasha wa Vanga. Kusema kweli hakuwa amemsahau. Alikuwa amejizoeza kutomkumbuka. Biasha, muuza samaki, ni binti wa mjomba wake, na bibi yao ni mmoja. Bibi huyo alitoka Jasini, kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka, karibu na Vanga kiasi kwamba jogoo wa huku huwaamsha watu wa kule. Kwa ajili ya Jasini hiyo, kamati ya asubuhi ilikuwa imemnyima Biasha kipande, kwani bibi alikuwa mzaa baba. Kwa Matano bibi yule yule ni mzaa mama, na kanuni ziliuliza upande wa kuumeni tu. Kwa hiyo bibi alikuwa mgeni kwa mjukuu mmoja na mwenyeji kwa mwingine, na kanuni hazikuona tatizo. Siku hiyo, ili asishukiwe upendeleo, Matano alimwita binamu yake "wewe mama". Aliona haya. Lakini haya za ofisini hupita na chai ya saa nne.

Yapasa kueleza hapa kwamba kwetu binamu ni mtani. Ana haki ya kukuumbua mbele za watu, kukuzulia uongo, kukuvua kofia akaivaa yeye, nawe kazi yako ni kucheka. Anayemkasirikia mtani amejivunjia heshima, yake na ya mama yake. Nasi tuna heshima nyingi sana za kulinda, kwa hiyo tunacheka sana.

Matano alimkuta Biasha uani, akipaka papa chumvi.

"Karibu, serikali," Biasha alisema. "Ila uache viatu mlangoni, tope tunalo la kwetu."

"Hujambo, dada Biasha?"

"Dada! Juzi nilikuwa wewe mama. Nimepandishwa cheo au kuna kitu wakitaka?"

Matano alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na tai yake ikagusa chumvi. "Nataka uwe mhamiaji."

"Si ndiyo sababu ya kuninyima kipande?"

"Ule ulikuwa uhamiaji wa asubuhi. Huu ni wa alasiri. Wa alasiri unafadhiliwa."

"Na ule wa asubuhi utafutwa?"

"Unajua, dada, kanuni zenyewe..."

"Basi mimi mwenyeji kutwa kucha. Nenda zako Taru, mbuzi wana hamu nawe."

Matano alicheka, kama inavyopasa. Biasha hakucheka. Alinyoosha kidole chenye chumvi kuelekea friza iliyokuwa ikinguruma barazani.

"Ile nimeinunua kwa jasho langu. Imeandikwa jina la shemeji kwa sababu mimi sina kipande. Kila akija huifungua, akachagua kolekole mkubwa, akaifunga, akaniambia niitunze vizuri friza yake. Friza yake, Matano! Hapo sitanii."

Matano aliitazama friza, akamtazama binamu yake, akaona moyo umemlainika. Pia aliona mwaka wa fedha unakwisha. Hatutaki kumsingizia, huenda ulikuwa ni moyo.

Kamati ya Uhakiki ilikaa asubuhi iliyofuata, ikaazimia kwamba, kwa ombi la Biasha peke yake, Jasini na Vanga, kwa madhumuni ya asubuhi, ni mahali pamoja. Na kwa madhumuni ya alasiri, zimetengana mno. Azimio liliandikwa na Makamu Mwenyekiti, Bwana Harrison, mwenye duka la mbao pale Kona ya Musa. Harrison alitoka bara, na aliteuliwa kwa kuwa hana jamaa hata mmoja Kwale, hivyo hawezi kupendelea. Swali la babu yake alizaliwa wapi halikuulizwa, maana siku ya uteuzi yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

"Hiyo maneno iko sawa kabisa, boss," alisema. "Mimi naandika tu vile mtu anasema."

Biasha alipata kipande. Siku hiyo hiyo friza ilibadilishwa jina, ikatiwa kufuli, na shemeji akaanza kula maharagwe.

Hafla ya ruzuku ilifanyika katika hoteli moja ya Diani, chini ya bango lililosema UHAMIAJI NI SISI. Kutoka makao makuu alikuja Bi Jemima, Afisa Mkuu wa Simulizi, mama mwema mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa amejiandaa kulia. Biasha alipewa kipaza sauti.

"Bibi yangu alitoka Jasini alfajiri," alianza.

"Alipita wapi?" Bi Jemima aliuliza.

"Shamba la mihogo."

"Alibeba nini, mama?"

"Sinia la wali. Alikuwa anakuja harusini. Harusi yake mwenyewe."

"Na hakurudi tena kwao?" Sauti ya Bi Jemima ilianza kutetemeka.

"Alirudi jioni yake. Alikuwa amesahau mwiko."

Bi Jemima alivua miwani, akalia. Baadaye alieleza kwamba huo ni uhamiaji wa mzunguko, wenye maumivu ya aina yake, na kwamba mwiko ule unastahili maonyesho. Biasha, kwa kuwa mtu analia, aliona ni vyema kumchangamsha. Akamnyooshea kidole Matano.

"Na yule mwenye tai ya kunyonga, bibi ni huyo huyo! Alipozaliwa, bibi alimtazama sana, kisha akauliza kama mpaka bado uko wazi, amrudishe!"

Ukumbi uliangua kicheko. Matano alicheka kuliko wote. Bi Jemima alipiga makofi, akasema ameona kwa macho yake mkurugenzi aliyeungana na jamii, na kwamba neno kaimu sasa ni aibu kwa taifa.

Jibu la makao makuu lilikuja upesi. Matano atakuwa Mkurugenzi kamili, ajira ya kudumu. Limebaki jambo dogo tu: kila mwajiriwa wa kudumu sharti apite uhakiki wa wenyeji wa eneo lake. Matano alifurahi sana kuona lilivyo dogo. Hakuweza kujihakiki mwenyewe, kwa hiyo alimwachia Harrison kiti kwa asubuhi moja. Palihitajika pia shahidi wa damu ambaye yeye mwenyewe amepitishwa na kamati hiyo hiyo. Sharti hilo alikuwa amelitunga Matano, nalo lilisifiwa. Ila kamati yake ilikuwa makini mno: katika ukoo mzima, wa kuumeni na wa kuukeni, aliyewahi kupita ni Biasha peke yake.

Asubuhi ilipowadia, Matano alikaa kwenye benchi la waombaji. Hakuwa amejua kwamba benchi lile ni fupi kiasi kile. Magoti yalimfika kidevuni. Harrison alikuwa kitini, na koti amevaa.

"Jina?"

"Harrison, si unanijua, ndugu yangu?"

"Mimi nakujua, boss. Kamati ndiyo haikujui."

Biasha aliingia amependeza, buibui jipya, mkononi kapu la kamba wakubwa aliowaleta kumpongeza binamu yake. Subira, karani wa kamati, alimpokea kwa shikamoo. Moyo wa Matano ulitua. Alimpenda Biasha asubuhi ile, kwa dhati kabisa.

"Mama," Harrison aliuliza, "huyu mtu ni wenu?"

Sasa, mtu wa Kwale akiulizwa hivyo juu ya mtani wake, mbele ya hadhara, siku ya heshima yake, hawezi kujibu "ndiyo" kavu kavu. Ingekuwa ni kumtukana. Ingekuwa ni kusema undugu umekatika. Waombaji wote waliokuwa chumbani waliona Biasha akimpima Matano kuanzia viatu hadi utosini, wakaanza kutabasamu mapema.

"Huyu?" alisema Biasha. "Huyu tulimwokota ufukweni! Aliletwa na maji pamoja na ndoo mbovu. Sisi tulitaka ndoo, yeye akang'ang'ania."

Chumba kilipasuka. Subira aliinamia meza. Matano alicheka hadi machozi, akajipiga paja, kwa maana hakuwahi kutaniwa vizuri namna ile.

Harrison alikuwa akiandika.

"Ufukwe gani, mama?"

"Wa Jasini!" Biasha alisema, ameshapandwa na raha. "Ng'ambo kule kule!"

Muhuri ulishuka juu ya meza. Harrison alimgeukia karani. "Mwombaji amekataa?"

Subira alifuta macho. "Amecheka."

"Andika amecheka, hajakataa."

Biasha alishika mdomo. Kapu lilimtoka, kamba wakamwagika sakafuni. "Astaghafirullahi! Weye, huo ni utani! Huyu mtoto wa shangazi yangu, tumenyonya kifua kimoja!"

"Hiyo ungesema kwanza, mama," Harrison alisema kwa huruma. "Hii kanuni ni yake mwenyewe. Neno ya kwanza ya shahidi ndiyo ushahidi. Ya pili ni rufaa."

"Na rufaa anasikiza nani?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti si huyu unayemfukuza?"

"Mwenyekiti hawezi kuwa mtu si wa hapa," Harrison alisema, akashika mikono ya kiti pande zote mbili, kama mtu anayejaribu fanicha dukani. "Kwa sasa ni mimi."

Matano alisimama kutoka kwenye lile benchi fupi. "Harrison," aliuliza, "babu yako wewe alizaliwa wapi?"

"Boss," Harrison alijibu bila chuki yoyote, "anayeuliza ni mwenye kukaa huku."

Akamwambia Subira amwite mwombaji mwingine. Biasha alikuwa amepiga magoti akiokota kamba, machozi yanamtoka, huku akimtazama binamu yake usoni kuona kama amekasirika. Kwa hiyo Matano aliendelea kucheka. Alicheka akipita mlangoni, akacheka akishuka ngazi, mbele ya foleni nzima ya watu aliowanyima vipande. Foleni ilimtazama kidogo, kisha, kwa adabu yetu ya huku, ikamsaidia kucheka.