Tairi Nne za Mama Mkwe

Dakta hakuwahi kutibu mtu, wala mbuzi. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipogundua kwamba ukigonga tairi kwa kidole, ukaguna na kutikisa kichwa, mwenye gari anapauka uso hapo hapo. Tangu siku hiyo hakuona sababu ya kujifunza kazi. Alikuwa na jeki, mashine ya upepo na ulimi, na kati ya vyote vitatu ni ulimi tu uliokuwa haupumziki.

Kibanda chake cha kuziba pancha kilikuwa uani kwa dada yake, fundi cherehani, mwanamke asiyecheka ovyo. Dada alimpa uwanja, akampa na stoo ya kulala, kwa sharti moja tu. "Siku mteja wako mmoja atakapokuja kupiga kelele mbele ya wateja wangu," alimwambia, sindano bado mdomoni, "usiniage. Beba godoro uende." Wateja wa Dakta walikuwa na kila sababu ya kupiga kelele, kwa hiyo mwanamume huyu alilala usingizi wa mashaka, na mimi nasema alistahili.

Basi asubuhi moja likaingia gari jekundu la mbio, limeinama chini kana kwamba linatafuta sindano iliyodondoka. Akashuka mtu mwenye kitambi, glavu za ngozi mikononi, miwani ya jua machoni ilhali yuko kivulini. Tumwite Bosi, maana ndivyo alivyotaka kuitwa.

"Fundi, nataka kubadilisha tairi. Unanishauri zipi?"

Dakta akazitazama. Zilikuwa pana, nyeusi, kashata zake, yaani meno ya raba, bado zimesimama wima. Mtu mwenye haya angemwambia rudi nyumbani, uje mwakani. Dakta akagonga, akaguna.

"Umetoka mbali na hizi?"

"Kwani vipi?"

"Hapana. Nashukuru Mungu tu umefika."

Bosi akavua miwani. "Mbona naziona nzima?"

"Ndivyo zinavyoua watu. Tairi ya gari la kawaida inafia nje, unaiona kwa macho. Ya gari la mbio inafia ndani kwa ndani. Hebu weka sikio."

Bosi akapiga magoti vumbini na suruali yake ya bei, akaweka sikio kwenye tairi. Akakaa hapo, macho kayafumba.

"Naisikia," akasema.

Jamani. Mtu mzima, mwenye ndevu, anasikia tairi inakata roho. Dakta alilazimika kugeukia ukutani akohoe.

"Sasa kuna raba ngumu na raba laini," aliendelea alipopata sauti. "Ngumu inadumu, ila kwenye kona inakutupa. Laini inashika barabara, ila inaisha upesi kama sabuni. Wewe unaendeshaje?"

"Kwa hisia."

"Nilijua. Wewe ni laini mbele, ngumu nyuma. Ziko kwa mtu wangu, kamwekea mteja mwingine, lakini nitamlainisha. Liache gari, uje kesho."

Bosi akalipa yote papo hapo, hata hakuomba apunguziwe. Mwenye akili angeshtuka hapo, kwa sababu mwenye gari asiyeomba kupunguziwa bado hajazaliwa. Dakta hakushtuka, alikuwa anahesabu.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuliko aibu yake: kumuuzia mtu tairi zake mwenyewe. Mchana kutwa alizisugua kwa brashi na sabuni, akazipaka dawa nyeusi mpaka zikang'aa. Kisha, kwa kuwa tairi mpya huwa na vinywele vya raba, akakatakata mpira wa baiskeli na kubandika kinywele kimoja kimoja kwa gundi. Dada yake akapita na ndoo.

"Unafanya nini?"

"Naongeza thamani."

"Nisisikie kelele," akasema dada, akapita zake.

Kesho yake Bosi akafika, akavipapasa vile vinywele kama anayembembeleza mtoto. "Hizi ndizo," akasema. "Tofauti iko wazi kabisa." Akaingia garini, akawasha, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Enhe, nilitaka kusahau. Nipe zile za zamani."

"Za zamani za nini tena, bosi? Zile tumeshatupa."

"Tairi zangu, umetupa? Mama mkwe anazitaka apandie maua. Nilimuahidi."

Dakta akakimbilia nyuma ya stoo, akarudi anasukuma tairi nne za pikapu. Bosi akazitazama kwa huruma.

"Fundi, hizi ni nyembamba kama miguu ya kuku. Zangu zilikuwa pana." Akazima gari na kukunja mikono. Sauti ikapanda. "Basi mimi nipo hapa hapa getini. Tairi za watu hazipotei hivi hivi. Nitaita polisi, nitaita na majirani."

Dirishani cherehani ikanyamaza. Dakta aliusikia ukimya ule kuliko alivyowahi kusikia tairi yoyote.

"Nipe mpaka jioni," akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, bosi wangu, polepole."

Akazunguka mji mzima. Kila muuza mitumba alimpa jibu lile lile: saizi hiyo utaikuta kwa Mama Raba peke yake, kule mzunguko wa barabara. Alimkuta mama mnene, mpole, amekalia rundo la tairi anamenya chungwa. Zilikuwepo nne. Bei yake ilikuwa pesa zote alizolipa Bosi, na juu yake mashine ya upepo.

"Mashine, mama? Ndiyo kazi yangu ile."

"Na hizi ndizo kazi yangu, mwanangu. Kama unaziona ghali, ziache."

Jioni Bosi alizikagua zile tairi, ambazo Dakta aliamini hajawahi kuziona maishani. "Ndizo zenyewe," akasema. "Hata tundu la msumari naliona." Zikapakiwa kwenye mkokoteni, gari likatangulia. Dakta akamdharau kimoyomoyo, ikawa ndiyo faraja yake pekee siku hiyo.

Kesho yake akaja mteja wa kwanza na pancha. Dakta akaziba, ila upepo hakuwa nao. Akaisukuma ile tairi kwa mkono hadi kwa Mama Raba, akaomba msaada. Lile gari jekundu lilikuwa limeegeshwa hapo. Bosi, bila glavu, alikuwa anapanga tairi nne kwenye rundo.

"Mama, maua yako haya."

"Weka pale pale yalipotoka, baba. Huyu wa jana alikufanyia nini?"

"Alibandika nywele, mama mkwe. Moja moja, kwa gundi. Wale wengine huishia kwenye rangi."

Wakacheka kifamilia. Dakta alisimama na tairi yake ya pancha. Alitamani kupiga kelele, lakini angeanzia wapi? Ili aseme ameibiwa, ilibidi kwanza aseme kwamba alimuuzia mtu tairi zake mwenyewe, na kelele hizo zingefika kwa dada yake kabla yeye hajafika.

Mama Raba akamwona, akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, fundi. Umefuata tairi?"

"Nimefuata upepo, mama."

"Upo, tena mwingi. Tumepata mashine nzuri juzijuzi tu." Akanyoosha mkono. "Ila hapa upepo tunauza."